Muulize Sista: Huyu aliyenipima ni daktari au bado ni mwanafunzi?

SWALI: Shikamoo Sista. Mama yangu alilazwa kwenye hospitali kubwa ya kufundishia na mimi ndo nilikuwa namuuguza. Sasa pale kila saa wanapita watu wamevaa makoti meupe na stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo, shingoni, mimi wote nawaita daktari maana sijui nani ni nani. Kuna kijana mmoja alikuja jioni akakaa na mama karibu saa nzima, mpole kweli, akauliza kila kitu, mama akamweleza mpaka vile vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi ambavyo aliandikiwa sehemu nyingine, kijana akaandika. Tukatulia tukijua taarifa imeshafika. Kesho yake daktari wa raundi anauliza kama kuna dawa mama anatumia, nikamjibu mbona tulishamwambia daktari jana, akafungua faili akasema humu hakuna kitu kama hicho. Ndo nesi akaniambia yule wa jana ni mwanafunzi. Niliogopa sana Sista. Sisi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa tunawajuaje hawa watu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuuguza, na nashukuru ulifungua mdomo kwenye raundi maana wengi wangenyamaza wakidhani daktari keshajua. Barua yako nimeitanguliza makusudi, kwa sababu watu wakiniuliza habari za wanafunzi huwa wanawaza kuchomwa sindano vibaya au kubonyezwa tumbo na mtu asiyejua, kumbe shida inayonitia mimi wasiwasi zaidi ni hii yako: mgonjwa katoa taarifa kubwa, kaona kamaliza kazi, kumbe taarifa imebaki kwenye kidaftari cha mfukoni cha kijana anayejiandaa kuulizwa maswali na mwalimu wake kesho asubuhi. Na dawa ya kufanya damu iwe nyepesi sio jambo la kukaa kwenye kidaftari, mtu akipelekwa upasuaji bila wahusika kujua anaweza kuvuja damu ikawa shida kubwa.

Sehemu nyingi mwanafunzi anaandika historia ya mgonjwa kwa ajili ya masomo yake, anaenda kuieleza mbele ya mwalimu, na pale anaporuhusiwa kuandika kwenye faili inabidi daktari aisome na aiwekee sahihi, bila hivyo hayo maandishi hayabadilishi matibabu yoyote. Hana mamlaka ya kukuandikia dawa wala kukuruhusu kwenda nyumbani. Kwa hiyo hata kama mtu amekusikiliza vizuri kuliko wote, mambo kama dawa unazotumia, aleji, mimba, operesheni ulizowahi kufanyiwa, choo chenye damu, hayo yarudie kwa nesi wa zamu na yarudie tena kwenye raundi. Usione aibu kurudia. Mimi nimekaa wodini miaka mingi na sijawahi kuona mgonjwa amedhurika kwa kusema jambo mara tatu.

Sasa tuje kwenye kuwatambua. Watu wengi wanaanzia kwenye nguo na nguo ndo inayodanganya zaidi. Marekani hospitali nyingi mwanafunzi anavaa koti fupi linaloishia kiunoni na daktari anavaa refu, ukisikia hivyo unaona basi imekuwa rahisi, lakini kule hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kwa miaka mingi hata madaktari waliokwishahitimu wakiwa mwaka wao wa kwanza kazini walivaa hilohilo koti fupi, sasa hapo utajuaje. Uingereza ndo kabisa, mwaka 2007 wizara ya afya ilitoa mwongozo wa mavazi ukataka mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kushuka chini ili kupunguza maambukizi, makoti meupe ya mikono mirefu yakapotea wodini kwa wanafunzi na madaktari wote. Na stetoskopu nayo, tangu daktari Mfaransa Laennec alipoibuni Paris mwaka 1816 watu wameshaizoea kama alama ya daktari, ila leo nesi anayo, mtu wa fiziotherapia anayo, mwanafunzi anayo tena mara nyingi ya kwake ndo inang'aa zaidi. Skrabu ndo usiseme, mkishavaa zile nguo za kijani au bluu wote mko sawa, na mkiingia chumba cha upasuaji mkafunika kichwa na mdomo hata wenyewe kwa wenyewe hamjuani. Kuna daktari wa usingizi wa Sydney, Rob Hackett, yeye mwaka 2017 alianza kuandika jina lake na kazi yake kwenye kofia ya upasuaji, na wengi duniani wakamfuata, maana unaweza kuwa unaokoa maisha ya mtu huku hujui unayemwomba kifaa anaitwa nani.

Umri nao achana nao. Kuna watu wanaingia udaktari wakiwa na watoto wakubwa nyumbani, na kuna madaktari kamili wana sura za watoto wa shule, wanaumia sana kuambiwa kila siku "mwite daktari mwenyewe". Na wanawake ndo wanaonewa zaidi hapa, daktari bingwa mwanamke anaingia na mwanafunzi wake wa kiume nyuma, mgonjwa anamwelekea mwanafunzi kuelezea ugonjwa. Nimeliona hili mpaka nimechoka nalo, naombeni tuliache.

Tabia ndo inasema kweli kidogo. Mwanafunzi ana muda. Daktari wa wodi anakuja kwako anajua anachotafuta, anauliza maswali machache, anabonyeza sehemu moja, anaondoka. Mwanafunzi anaanza mwanzo kabisa, maumivu yalianza lini, yanaelekea wapi, yanazidi ukifanya nini, wazazi wako wako hai, kama walifariki walifariki na nini, ndugu zako wangapi, na akikwama anachungulia kidaftari. Halafu anakupima mwili mzima hata kama umekuja na kidole cha mguu. Anasimama upande wako wa kulia maana ndivyo vyuo vingi vinavyofundisha, anaangalia viganja, anakwambia uunganishe kucha za vidole viwili mgongo kwa mgongo aone kama kuna kanafasi katikati, anakuvuta kope la chini kuangalia kama damu ipo ya kutosha, anashika mkono wako kama anahesabu mapigo kumbe ameshamaliza sasa anahesabu pumzi zako bila kukwambia, kwa sababu ukijua unahesabiwa pumzi inabadilika. Akigonga mgongo wako kwa vidole utamwona anarudia palepale mara kadhaa, hana hakika na sauti aliyosikia. Mifuko imejaa, tochi ndogo, nyundo ya kugongea goti, kalamu, makaratasi. Ukimuuliza "sasa mnanipa dawa gani" anasema ngoja nimuulize daktari. Na kwenye raundi anakaa nyuma ya kundi, mwalimu akitupa swali macho yake yanashuka chini.

Ila naomba unielewe, hizo zote ni dalili tu. Daktari mzuri mwangalifu naye anaweza kukaa na wewe saa nzima akakupima kuanzia kucha, na nisingependa mtu kama huyo umdharau ukidhani ni mwanafunzi. Njia ya uhakika ni moja, muulize. Na usimuulize "wewe ni mwanafunzi?" peke yake wala "uko chuoni?" kwa sababu daktari anayesomea ubingwa naye yuko chuoni na ni daktari kamili anayekutibu kwa leseni yake. Halafu yuko daktari mtarajali, huyu ameshamaliza chuo, yuko kwenye mwaka au miaka ya mafunzo kazini, anaruhusiwa kukuandikia dawa akiwa chini ya usimamizi. Sasa hawa wote watatu wamevaa sawa na wanatembea pamoja. Sema hivi: samahani, naomba jina lako, na je umeshahitimu udaktari au bado unasoma, na nani hasa ndo anayesimamia matibabu yangu? Hilo swali la mwisho ndo muhimu kupita yote, jibu lake liandike hata kwenye simu.

Na kwa kweli isingetakiwa kuwa kazi ya mgonjwa hii. Mtu kalala, ana dripu mkononi, ana maumivu, halafu ndo aanze upelelezi wa nani ni nani? Mwenye kusimama ndo ajitambulishe kwa aliyelala. Kate Granger alikuwa daktari wa wazee huko Uingereza, akapata kansa akiwa bado kijana, na mwaka 2013 akiwa amelazwa kama mgonjwa akagundua watu wengi wanaokuja kumhudumia hawataji hata jina, akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu waanze na salamu na jina lao, ikaenea nchi nyingi. Alifariki mwaka 2016. Daktari mzima anayejua hospitali ndani nje alilala kitandani akashindwa kujua nani anamshika, sembuse mama yako.

SWALI: Habari Sista. Mimi naenda kufanyiwa upasuaji na nimeambiwa hospitali hiyo ina wanafunzi wengi. Naweza kukataa wasinishike? Naogopa nikikataa madaktari watakasirika na watanihudumia vibaya. Na nikishapewa nusukaputi nitajuaje nani ameingia humo ndani?

JIBU: Nzuri kaka yangu, na nakuombea upasuaji uende salama. Ndio, unaweza kukataa. Hii sio hisani ya daktari, Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1981 linalohusu haki za mgonjwa linasema wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa kushiriki kwenye utafiti au kwenye ufundishaji wa udaktari. Na kukataa kwako hakutakiwi kupunguza hata chembe ya matibabu yako.

Ukikataa kataa mapema na kwa upole, sio wakati wanafunzi wameshazunguka kitanda na mwalimu ameanza kuongea, pale hata wewe utaona aibu utakubali huku roho haitaki. Mwambie nesi asubuhi. Tena sio lazima ukatae kila kitu, wengi hawajui hili. Unaweza kukubali wakuulize maswali ila wasikupime, au wapime kifua ila sio sehemu za siri, au mwanafunzi mmoja sio sita, au waangalie tu wakati daktari anafanya. Unaweza kukubali leo na kesho ukasema leo nimechoka. Akitaka kukupima sehemu za siri una haki ya kutaka mtu mwingine awepo chumbani, na mwanafunzi asifanye kipimo hicho bila msimamizi, hapo usikubali maneno mengine.

Swali lako la nusukaputi ni zito na nafurahi umeliuliza. Kwa miaka mingi sehemu mbalimbali wanafunzi wamekuwa wakifundishiwa vipimo vya kupitia ukeni na vya njia ya haja kubwa kwa wagonjwa waliolala usingizi wa dawa, na wengine hawakuwahi kuulizwa. Mimi hili naliona ni kosa, hata kama kipimo chenyewe hakiumizi na hakiachi alama, mwili ni wa mwenyewe hata akiwa amelala. Marekani serikali kuu ilitoa mwongozo Aprili 2024 kwamba hospitali zipate ridhaa ya mgonjwa mahususi kwa vipimo vya aina hiyo vinavyofanywa na wanafunzi akiwa usingizini. Wewe popote ulipo fanya hivi, ile fomu ya ridhaa usiisaini ukiwa umeshapanda kitanda cha magurudumu, iombe siku moja kabla, soma, uliza "je kuna mwanafunzi atakayenigusa nikiwa nimelala, na atafanya nini?" Kama hukubali andika hapohapo kwenye fomu kwa mkono wako kabla ya sahihi, na mwambie daktari mpasuaji mwenyewe uso kwa uso. Wakiingia wanafunzi kuangalia tu wakiwa wamesimama pembeni hiyo ni kitu kingine, mimi ningekubali.

Na nikuambie kwa nini ningekubali. Zamani wanafunzi wengi wa udaktari walikuwa wanasikiliza mihadhara tu mpaka wanahitimu, wengine walimaliza chuo hawajawahi kumshika mgonjwa vizuri. Daktari William Osler kule Johns Hopkins mwishoni mwa miaka ya 1800 ni mmoja wa waliosukuma wanafunzi waingie wodini wapewe wagonjwa wa kuwafuatilia, na mpaka leo ndo tunavyofundisha. Midoli ya kufundishia ipo, na tangu 1963 daktari Howard Barrows alipoanza kule Los Angeles wapo watu wanaofundishwa kuigiza ugonjwa ili wanafunzi wajifunzie kuhoji na kupima, inasaidia sana, lakini hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza bandama iliyovimba au moyo unaovuma, yaani unaotoa sauti ya ziada. Hiyo lazima mkono wa mwanafunzi uiguse kwa mtu mwenyewe akiwa ameridhia, ili siku mgonjwa mwingine akija usiku wa manane huyo kijana aijue. Hiyo ni sababu yangu mimi, sio deni lako wewe.

SWALI: Sista shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, ndo nimeanza wodini. Wagonjwa wananiita daktari, nikiwarekebisha wengine wanasema basi niache mwite daktari. Na mwalimu wetu akiingia anatutambulisha "hawa ni madaktari wenzangu". Nikinyamaza naona kama nadanganya, nikisema nakosa wagonjwa wa kujifunzia na mitihani inakuja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hali ya kuona kama unadanganya usiizime, iko sahihi. Sema kwenye sentensi ya kwanza kabla hujakaa, kabla hujatoa stetoskopu: naitwa fulani, ni mwanafunzi wa udaktari, sijahitimu bado, naomba kuongea na wewe kama nusu saa hivi nijifunze, ukichoka niambie naacha, na ukisema hapana hakuna shida. Kisha nyamaza umsubiri ajibu kweli, sio unasema huku mkono uko kwenye shuka. Ukijitambulisha hivyo utakataliwa na wachache, na wanaobaki watakuambia mambo ambayo hawajamwambia mtu, kwa sababu umewaheshimu. Akiendelea kukuita daktari baada ya hapo ni mazoea yake, msahihishe mara moja tena kwa upole uendelee.

Mwalimu akisema madaktari wenzangu huwezi kumbishia mbele ya mgonjwa, najua, na mara nyingi anasema kwa nia nzuri ya kuwapa moyo. Ila raundi ikipita rudi kitandani mwambie mgonjwa mimi ni mwanafunzi. Ukiweza mwendee mwalimu mkiwa faragha umwombe awatambulishe kama wanafunzi, wengi hawajawahi kufikiria tu. Beji igeuze upande wenye maandishi, maana naona nyie beji zenu muda wote zimegeuka upande wa nyuma, na neno mwanafunzi liandikwe kubwa mtu asiye na miwani alisome.

Mgonjwa akikuuliza majibu ya kipimo chake usimpe hata kama umeyaona kwenye kompyuta, mwambie nitamwita daktari aje akueleze, halafu kweli ukamwite. Kuna mtu anaweza kupata habari ya kansa kutoka kwa kijana aliyekuwa anajaribu tu kuwa mwema. Na soma barua ya kwanza hapo juu, ya yule mama na vidonge vyake. Ukisikia kitu kama hicho hukai nacho mpaka asubuhi kwenye kupresenti, unainuka unamwambia nesi wa zamu na daktari wa zamu jioni hiyohiyo, na unamwambia mgonjwa nimeshawaambia lakini na wewe wakumbushe kesho. Hapo ndo utaanza kuwa msaada wodini hata kabla ya kuhitimu.

SWALI: Sista, nimelazwa siku kadhaa sasa, wanafunzi wanakuja kwangu tu, makundi kwa makundi, jirani yangu hawamgusi. Wananisikiliza moyo wanatingisha kichwa wanaondoka. Ina maana hali yangu mbaya wananificha?

JIBU: Pole sana mpenzi, na hapana, kuja kwao hakumaanishi hali yako ni mbaya kuliko ya jirani. Wanafunzi wanatafuta dalili inayosikika au kushikika vizuri, na inaelekea moyo wako una uvumi, yaani sauti ya ziada kwenye mapigo, unaosikika wazi, basi mmoja akisikia anawaambia wenzake na mwalimu naye anawatuma. Uvumi wa moyo mwingine una maana kubwa na mwingine hauna maana yoyote, kwa hiyo usisome jibu kwenye nyuso zao, wengine wanatingisha kichwa kwa sababu hawajasikia kitu na wanaona aibu kusema. Mwombe daktari anayesimamia matibabu yako akueleze kuhusu huo uvumi, unatoka wapi, unahitaji kutibiwa au kuangaliwa tu. Na huyo nesi wako wa zamu mwambie unakubali wangapi kwa siku na saa ngapi unataka kulala, ataandika na atawazuia, hiyo ni sehemu ya kazi yetu manesi.